Taa ya Futi Nne

Ncha mbili tu ziliwaka, nyekundu,
kama makaa yaliyokataa kuwa moto.
Katikati, futi nne za kioo,
giza.

Julai, Chamwino. Upepo wa kipupwe
unapita chini ya mlango na vumbi lake,
unalilaza juu ya sare nilizokata asubuhi.
Arobaini na mbili, na shule zinafunguliwa Jumatatu.
Uzi wa bluu juu ya kitambaa cha bluu:
macho yangu yana miaka hamsini na sita,
hayataki mchezo huo.

Nikapanda stuli. Nikaizungusha starta,
nikaigonga kwa mpini wa mkasi.
Taa ikanikonyeza mara moja,
ikanyamaza.

Ndahani akaja na baiskeli,
testa ameichomeka nyuma ya sikio.
"Starta hiyo," akasema kabla hajatazama.
Elfu moja. Akaweka mpya.
Ncha mbili. Giza.

"Basi tyubu. Si unaona ilivyoungua mwishoni?"
Akaenda duka la dawa, akaazima yao,
inayowaka kule bila kuombwa.
Ilipofika kwangu ikajifunza tabia za kwangu.

"Choki, basi." Kweli ilikuwa inaguna,
kama mzee aliyeamshwa kula.
Elfu nane, na ya zamani akaitia mfukoni,
sikuuliza.
Ncha mbili.

Akafungua vishikio. Mle ndani, nyigu
amejenga nyumba ya udongo, vyumba vitatu,
hana kiwanja, hana hati, hana ramani ya mipango miji,
hapa hapa, makao makuu ya nchi!
Tukacheka. Akamvunjia kwa msumari,
akasugua shaba mpaka ikang'aa.
"Sasa," akasema.
Mimi nikawa nimeshainua uso.
Giza.

Akashuka. Nikampa chai, akaishika bila kunywa,
kichwa ameinamisha upande,
nikadhani anatafuta namna ya kuniaga.
"Mama, ile mashine ya Mbeleje
inasaga mpaka saa ngapi?"
"Tangu mavuno yaingie? Mpaka saa nne."
Akatoa kipimo chake, akaonyesha mia moja na sitini.
"Umeme wenyewe unafika hapa umechoka."

Tukangoja. Sijawahi kuisikiliza mashine ile,
kama mtu asivyosikiliza kifua chake.
Saa mbili na dakika kadhaa mkanda ulilegea,
Mbeleje akazima ili aukaze.
Taa ikapepesa, moja, mbili, tatu,
ikashika.

Nikaona vyote: pini sakafuni,
vumbi juu ya bluu, kola ya Ndahani
iliyoachia upande wa kushoto
(nitamshonea, alichukua choki).
Kisha mashine ikanguruma tena kwa kishindo,
taa ikameza mate, ikazima.

Nimwambie nini Mbeleje?
Kwake wamejipanga wanawake na madebe ya uwele,
mtoto mmoja amelala juu ya gunia, nywele nyeupe kwa unga.
Debe langu mwenyewe ni la nne kwenye foleni.
Usiku huu nitakula ugali
uliosagwa kwa mwanga wangu.

Basi nimepanga hivi: mchana nashona,
usiku napiga pasi ya mkaa, nakunja, nahesabu vifungo kwa vidole.
Starta ya zamani, ambayo haikuwa na kosa,
nimeiweka kwenye kopo la vifungo.
Nikiigusa gizani najua ni yeye, ni mnene kuliko wenzake.

Ila jana nilijitia ujasiri.
Nikashona kwa mazoea, mguu kwenye pedeli,
sare moja kamili, shati na mifuko.
Saa nne mashine ikanyamaza, taa ikaja yote,
nikaiinua sare nijisifu:
mfuko wa kifuani
unatazama chini.